Somo la Afya: Jinsi Daktari Anavyouona Wavu Mdogo Ndani ya Moyo

Usiku usio na mbalamwezi wavuvi wa dagaa huingia ziwani. Ukisimama ufukweni Mwanza mjini, karibu na Jiwe la Bismarck, au ukikaa kwenu Ukerewe, Sengerema au Magu, unaona taa nyingi zikichezacheza juu ya maji. Zamani zilikuwa karabai. Siku hizi nyingi ni taa za betri na za nguvu ya jua. Mtumbwi wenyewe huuoni kwa sababu ya giza. Unaona taa tu. Lakini mtu aliyezaliwa ziwani haulizi. Anajua kwamba penye taa pana mtumbwi.

Tuushike mfano huo wa taa. Tutaurudia mbele, kwa sababu daktari wa moyo naye hufanya kazi kama ya mtu wa ufukweni. Anatafuta kitu kidogo sana, kinachotikisika, ndani ya kifua cha mtu, mahali ambapo jicho halifiki.

Katika somo hili tutajifunza mambo manne:

1. Kwa nini mshipa wa moyo huziba, na dalili zake.
2. Jinsi mshipa huo unavyozibuliwa bila kupasua kifua.
3. Ufundi unaomsaidia daktari kuona kama kazi yake imekaa sawasawa.
4. Kazi yetu sisi wenyewe baada ya kutoka hospitali.

MOYO NAO UNAKULA

Moyo ni msuli. Kunja ngumi yako uitazame. Moyo wako una ukubwa wa kukaribia huo. Kazi yake ni kusukuma damu mwili mzima. Kwa mtu mzima aliyetulia, moyo hupiga mara 70 hivi kwa dakika moja. Tupige hesabu. Mara 70 kwa dakika 60 ni mara 4,200 kwa saa. Mara 4,200 kwa saa 24 ni mara 100,800 kwa siku moja. Mashine ya kusaga pale kijijini huzimwa jioni ikapumzika. Moyo hauzimwi.

Anayefanya kazi lazima ale. Wengine wanadhani kwamba moyo, kwa kuwa umejaa damu, unakula damu hiyo hiyo inayopita ndani yake. Sivyo. Mama lishe anapika sufuria zima la wali, lakini naye mpaka apakue kwenye sahani yake ndipo ale. Moyo pia una sahani yake. Ina maana kwamba kuna mishipa maalumu inayotambaa juu ya moyo na kuupelekea damu yenye chakula na hewa safi. Mikubwa ni mitatu. Tundu la mshipa mmoja ni dogo, milimita 2 mpaka 4 hivi. Chukua njiti ya kiberiti uitazame unene wake. Uhai wa mtu mzima unapita katika njia nyembamba namna hiyo.

MSHIPA UNAPOZIBA

Wazee wetu wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kusafisha mazingira. Maadui wa wakati ule walikuwa malaria, kuhara, kichocho, minyoo na kifua kikuu. Maadui hao bado wapo. Lakini siku hizi wamepata wenzao: shinikizo la damu, kisukari na magonjwa ya moyo. Hawa wanakuja polepole bila kupiga hodi.

Ndani ya ukuta wa mshipa hujijenga mafuta yanayoitwa lehemu. Yanajijenga kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka, na njia ya damu inazidi kuwa nyembamba. Mambo yanayoharakisha ubaya huo ni kuvuta tumbaku, shinikizo la damu lisilotibiwa, kisukari, mafuta mengi katika chakula, unene uliozidi, na kukaa bila kutumia mwili. Umri nao unaongeza hatari. Tena kuna koo ambazo ugonjwa huu umo katika damu yao.

Njia ikiwa nyembamba, mtu huanza kusikia kifua kinabana anapopanda mlima, anapovuta mtumbwi nchi kavu au anapobeba mzigo. Akipumzika maumivu yanaondoka. Hii ni taarifa. Moyo unasema, "Chakula hakinitoshi."

Hatari kubwa zaidi hutokea yale mafuta yanapopasuka ghafula. Damu inagandia pale pale na kuziba njia yote. Sehemu ya moyo iliyokuwa ikilishwa na mshipa huo inaanza kufa. Huu ndio mshtuko wa moyo. Dalili zake ni hizi:

- Kifua kubana au kuwa kizito, kama mtu amewekewa jiwe, kwa dakika nyingi.
- Maumivu kwenda kwenye mkono, hasa wa kushoto, au shingoni, kwenye taya, au mgongoni.
- Jasho jingi la baridi.
- Kukosa pumzi, kichefuchefu, au kuishiwa nguvu.

Akina mama, wazee na wenye kisukari mara nyingine hawasikii maumivu makali. Wanaishiwa pumzi na nguvu tu. Kwa hiyo tusingoje mpaka mtu alie kwa maumivu.

Wengi wetu dalili hizi tunaziita kiungulia au vidonda vya tumbo. Wengine wanasema mtu amerogwa. Tunakunywa maziwa, tunalala, tunangoja kukuche. Ndugu wasomaji, usiku huo mmoja ndio unaotunyang'anya watu. Kila saa inayopita msuli wa moyo unazidi kufa, na ukishakufa haurudi. Mpelekeni mgonjwa kituo cha afya au hospitali saa ile ile. Asitembee kwa miguu, wala asiachwe peke yake.

KUZIBUA BILA KUPASUA KIFUA

Zamani mshipa wa moyo ukiziba ilikuwa dawa za kumeza tu, au kupasua kifua na kushona njia nyingine ya damu. Tarehe 16 Septemba 1977, wakati wengi wa wazee wetu walikuwa katika madarasa ya kisomo cha watu wazima, daktari mmoja huko Zürich, nchini Uswisi, alifanya jambo jipya. Jina lake Andreas Gruentzig. Alichukua mrija mwembamba sana wenye puto dogo mwishoni. Aliupitisha katika mshipa wa damu mpaka kwenye moyo wa mgonjwa mwenye umri wa miaka 38. Alipofika palipobana alilijaza puto, likapanua njia. Kisha akalitoa. Mgonjwa alipona, naye alikuwa macho muda wote.

Lakini palikuwa na kasoro. Mara nyingine njia iliyopanuliwa na puto ilijirudi na kubana tena. Wachimba visima wanaijua shida hii. Ukichimba kisima kwenye mchanga, kuta zinaporomoka. Dawa yake ni kuweka mapipa ya zege kuzuia kuta. Madaktari nao walitafuta "pipa" lao. Mwaka 1986 huko Ufaransa, daktari Jacques Puel katika mji wa Toulouse, na huko Uswisi, daktari Ulrich Sigwart katika mji wa Lausanne, waliweka ndani ya mishipa ya moyo wavu mdogo wa chuma. Wavu huo unaitwa stenti. Wananchi wengi husema tu, "Fulani amewekewa chuma cha moyo."

Stenti imefanana na mgono wa kuvulia samaki, ila ni ndogo sana. Inakuja imebanwa juu ya puto. Daktari anaiingiza kwa kupitia mshipa wa mkononi au wa pajani. Inapofika mahali pake anajaza puto, stenti inafunguka na kushika kuta. Puto linatolewa, stenti inabaki humo maisha yote. Stenti nyingi za siku hizi zimepakwa dawa inayozuia mshipa kujijaza nyama tena.

Kwetu Tanzania, kazi hii inafanyika katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iliyoko Dar es Salaam, katika eneo la Hospitali ya Taifa Muhimbili. Taasisi hiyo ilianzishwa mwaka 2015. Kabla ya hapo wagonjwa wengi wa moyo walipelekwa India kwa gharama kubwa. Mtu wa kwetu Kanda ya Ziwa anaanzia zahanati au kituo cha afya, halafu hospitali ya wilaya, halafu hospitali ya mkoa kama Sekou Toure, au hospitali ya rufaa ya Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971 pale juu ya kilima. Madaktari wakiona inafaa, wao ndio wanaomwandikia rufaa aende mbele. Njia ni ndefu, ndiyo maana tunasema anza mapema.

SHIDA YA KUONA

Sasa tunafika kwenye kiini cha somo letu. Daktari anafanya kazi hiyo kwa kuonaje, wakati kifua hakikufunguliwa?

Anatumia mionzi ya eksirei. Mionzi hiyo iligunduliwa na Mjerumani Wilhelm Röntgen mwaka 1895. Ndiyo ile ile inayotumika kupiga picha ya mfupa uliovunjika. Ila katika chumba cha moyo haipigwi picha moja tu. Zinapigwa picha nyingi mfululizo, kwa mfano 15 kwa sekunde moja, zikawa kama sinema. Daktari anatazama sinema hiyo kwenye kioo huku mikono yake inafanya kazi. Akitaka kuona njia ya damu, anaingiza dawa maalumu ambayo eksirei haiipenyi vizuri. Mshipa unaonekana mweusi kama mto kwenye ramani.

Njia ya damu inaonekana. Lakini ile stenti yenyewe ni vigumu kuiona. Sababu ni tatu.

Kwanza, ni nyembamba mno. Waya wa stenti nyingi za kisasa hauzidi sehemu moja ya kumi ya milimita. Ukipanga nyaya 12 hivi ubavu kwa ubavu ndipo unapata milimita moja.

Pili, haitulii. Moyo unapiga na mapafu yanapumua. Stenti inapanda na kushuka pamoja na moyo, kama mtumbwi kwenye mawimbi.

Tatu, kuna vitu vingi mbele na nyuma yake. Kuna mbavu, uti wa mgongo na nyama. Mgonjwa akiwa mnene picha inazidi kuwa na ukungu. Tena daktari hawezi kuongeza mionzi anavyotaka, kwa kuwa mionzi mingi ina madhara. Kwa hiyo kila picha inakuwa na vumbi vumbi.

Mtu atauliza, "Kwani lazima aione? Si amekwisha kuiweka?" Ndiyo, lazima. Turudi kwenye kisima. Pipa la zege likikaa upande, likaacha nafasi kati yake na udongo, uchafu unakusanyika pale na kisima kinaharibika. Stenti nayo isipofunguka vizuri, au isiposhika ukuta, damu inaweza kugandia pale, au mshipa ukabana tena. Mgonjwa anarudi na ugonjwa ule ule, au anapata mshtuko wa moyo mwingine.

Tupige hesabu nyingine. Stenti ilitakiwa ifunguke milimita 3, ikafunguka milimita 2. Utasema imepungua milimita moja tu. Lakini nafasi ya damu kupita tunaipata kwa kuzidisha upana kwa upana. 3 mara 3 ni 9. 2 mara 2 ni 4. Kwa hiyo badala ya mafungu 9 yamebaki mafungu 4. Haifiki hata nusu! Kosa la milimita moja limekula zaidi ya nusu ya njia. Ndiyo sababu kuona vizuri si anasa. Ni sehemu ya tiba yenyewe.

UFUNDI WA ALAMA MBILI

Sasa turudi kwenye taa za wavuvi.

Puto linalobeba stenti lina alama mbili ndogo za madini mazito. Moja iko mwanzo, nyingine iko mwisho. Madini hayo yanazuia eksirei vizuri, kwa hiyo katika sinema yanaonekana kama nukta mbili nyeusi. Stenti iko katikati yake. Wataalamu wakafikiri hivi: tufanye nukta hizi ziwe taa mbili za mtumbwi, moja mbele, moja nyuma. Mtumbwi hatuuoni, lakini taa tunaziona. Na daima mtumbwi uko kati ya taa zake, hata wimbi liupeleke wapi.

Basi wakaifundisha kompyuta kazi. Daktari anapiga sinema fupi, kwa mfano ya sekunde 3. Ikiwa kila sekunde ina picha 15, jumla ni picha 45. Kompyuta inatafuta nukta mbili katika kila picha. Halafu inaisogeza na kuizungusha kila picha mpaka nukta za zote zikae mahali pamoja. Mwisho inazilaza zote juu ya nyingine na kuzijumlisha kuwa picha moja.

Kinachotokea ni hiki. Stenti iko mahali pale pale katika picha zote, kwa hiyo inazidi kukolea. Mbavu na lile vumbi vumbi havikai mahali pamoja, kwa hiyo vinafifia. Nyaya ambazo hazikuonekana sasa zinaonekana. Daktari anaona kama stenti imefunguka sawa kuanzia mwanzo hadi mwisho, au kama ina kiuno, yaani imebanwa katikati.

Kampuni zinazotengeneza mitambo zimeupa ufundi huu majina yao. Philips wanauita StentBoost, na Siemens wanauita CLEARstent. Majina ni tofauti, lakini wazo ni lile moja la taa mbili. Uzuri wake ni kwamba hauhitaji kuingiza chombo kingine mwilini. Kwa kawaida hauhitaji hata kuongeza ile dawa ya kuonyesha mshipa, ambayo ikizidi inaweza kuumiza figo. Kinachotakiwa ni sinema moja fupi zaidi, wakati puto bado liko humo, na kompyuta.

JARIBU MWENYEWE

Chukua karatasi 5 nyembamba. Kwenye kila karatasi weka nukta mbili nzito zenye nafasi ya sentimita 5 kati yake. Katikati ya nukta chora mtumbwi mdogo kwa penseli hafifu sana. Kila karatasi chora mahali tofauti: hapa juu, pale chini, pale pembeni. Halafu tia vidoa vingi hafifu ovyo ovyo.

Sasa zipange karatasi zote zilingane pembe kwa pembe, uzishike kwenye mwanga wa dirisha. Utaona vurugu tupu. Halafu zisogeze mpaka nukta za zote zilingane. Shika tena kwenye mwanga. Mtumbwi umekolea, na vidoa havina nguvu. Umefanya kwa mkono kazi ambayo kompyuta inaifanya kwa sekunde chache.

MAZUNGUMZO KATIKA CHUMBA CHA MOYO

Tuchukue mfano. Mvuvi mmoja mwenye miaka 62 amelala juu ya meza ya matibabu. Yuko macho, kwa sababu amechomwa ganzi mkononi tu. Daktari ni kijana.

Mzee: Mwanangu, hicho chuma si umekwisha kukiweka? Mbona hatutoki?

Daktari: Nimekiweka mzee wangu. Sasa nataka nikione kimekaaje. Naomba uzuie pumzi kidogo, usitikisike.

(Mzee anazuia pumzi. Mtambo unalia kidogo, kisha unanyamaza.)

Daktari: Haya mzee, pumua. Ahsante. Tazama pale kwenye kioo. Zile nukta mbili ni alama za puto. Katikati ni chuma chako. Unaona pale kilipobana?

Mzee: Naona kama kimefungwa mkanda.

Daktari: Hapo hapo. Mafuta ya pale yamekuwa magumu kama jiwe. Nitatumia puto lingine gumu zaidi, nilijaze kwa nguvu. Utasikia kifua kinabana kidogo. Ukiona kimezidi niambie.

Mzee: Wewe fanya. Wavu ukiukuta umejikunja majini, huuachi hivyo hivyo ukaenda kulala. Unaukunjua.

Daktari: Umesema kweli, mzee.

Baada ya hapo daktari alipiga sinema nyingine. Kile kiuno kilikuwa kimekwisha. Kazi ilichukua dakika chache zaidi, lakini dakika hizo ndizo zilizomaliza kazi. Kama angeridhika na ile picha yenye ukungu, mzee angerudi nyumbani na nusu ya matibabu bila yeye kujua, na bila daktari kujua.

Puto lile gumu hujazwa kwa nguvu inayopita hata upepo wa tairi la lori. Ndiyo maana daktari hatumii nguvu hiyo kwa kubahatisha. Anatakiwa aone kwanza mahali penye shida.

UFUNDI HUU UNA MIPAKA

Tusidhani kwamba picha hii inaonyesha yote. Inaonyesha chuma. Haionyeshi vizuri ukuta wa mshipa wala aina ya mafuta yaliyomo. Kwa kazi hiyo kuna vyombo vingine viwili. Kimoja hutumia sauti ambayo sikio halisikii, kama ile inayotumika kumpima mama mjamzito. Kingine hutumia mwanga. Vyote viwili huingizwa ndani ya mshipa kwa mrija mwembamba na kutazama kuanzia ndani. Mwaka 2024 chama cha madaktari wa moyo wa Ulaya kilishauri kwa mkazo kwamba vyombo hivyo vitumike wakati wa kuweka stenti katika mishipa yenye matatizo makubwa. Ubaya wake ni bei. Mrija wa namna hiyo ni ghali, na kazi inachukua muda zaidi.

Kwa hiyo ule ufundi wa nukta mbili ni msaada wa haraka na wa gharama nafuu. Vyombo vya kutazama ndani vinaona zaidi. Daktari ndiye anayechagua kufuatana na ugonjwa na vifaa alivyo navyo. Na chombo chochote hakimfanyi mtu kuwa daktari. Picha nzuri inataka msomaji mzuri. Sisi tuliosoma kisomo tunalijua hilo. Siku ya kwanza darasani tulitazama ubao tukaona michoro ya chaka tu. Ubao haukubadilika. Tulijifunza kusoma.

KAZI YETU SISI

Daktari akimaliza kazi yake, yetu ndiyo inaanza. Stenti iliyofunguka vizuri inaweza kuzibwa na mgonjwa mwenyewe akiacha dawa. Chuma ni kigeni mwilini, na damu hupenda kugandia juu ya kitu kigeni. Kwa hiyo mgonjwa hupewa dawa za kuzuia damu isigande. Mara nyingi ni aspirini pamoja na nyingine kama klopidogreli, kwa miezi kadhaa au mwaka, kama daktari atakavyosema. Baadaye aspirini huendelea kwa wagonjwa wengi. Hupewa pia dawa ya kupunguza lehemu.

Tukumbuke mambo haya:

1. Usiache dawa kwa sababu unajisikia mzima. Unajisikia mzima kwa sababu ya dawa.
2. Dawa zisiishe ukiwa kisiwani au kambini. Unapokwenda dago beba dawa za kutosha katika kopo lisiloingia maji. Wiki moja kabla hazijaisha, anza kutafuta nyingine.
3. Ukienda kung'oa jino au kufanyiwa upasuaji, sema kwamba una stenti na taja dawa unazotumia. Usiziache mpaka daktari wa moyo aseme.
4. Ukiona choo cheusi kama lami, au damu isiyokatika, nenda hospitali upesi.
5. Tunza karatasi za hospitali. Omba uandikiwe stenti iliwekwa mshipa gani, lini, na ya ukubwa gani. Soma mwenyewe, au msomee mzazi wako. Hii ndiyo faida ya kujua kusoma.
6. Kifua kikibana tena, usiseme, "Mimi nina chuma, siwezi kuumwa." Rudi hospitali siku hiyo hiyo.
7. Acha tumbaku kabisa. Punguza chumvi na mafuta. Samaki na dagaa ni chakula kizuri, ila wale wa kukaangwa kwenye mafuta mengi na wale wa chumvi nyingi tuwapunguze. Pima shinikizo la damu na sukari hata kama huumwi.

MANENO MAPYA

Lehemu: mafuta yanayojenga ukuta ndani ya mshipa wa damu.
Stenti: wavu mdogo wa chuma unaoshikilia mshipa usibane.
Puto: kifuko kidogo kinachojazwa ili kupanua mshipa na kufungua stenti.
Eksirei: mionzi inayopenya mwili na kutoa picha ya ndani.
Rufaa: kutumwa na hospitali moja kwenda hospitali kubwa zaidi.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Taja dalili nne za mshtuko wa moyo. Je, kijijini kwetu watu wakiziona hufanya nini?
2. Kwa nini stenti ni vigumu kuiona kwenye sinema ya eksirei? Toa sababu tatu.
3. Eleza kwa maneno yako kazi ya nukta mbili. Tumia mfano wa taa za mtumbwi.
4. Hesabu: Sinema ina picha 15 kwa sekunde. Ikipigwa kwa sekunde 4, kuna picha ngapi?
5. Hesabu: Stenti ilitakiwa ifunguke milimita 4, ikafunguka milimita 3. Limebaki fungu gani la njia ya damu?
6. Mtu akiugua kifua usiku wa manane kijijini kwetu, atafikaje hospitali? Nani ana chombo? Nani atampigia simu? Mkubaliane leo, muandike majina, karatasi ibandikwe mahali watu wote wanapoiona.

Swali la 6 ndilo kubwa kuliko yote. Ufundi wa nukta mbili uko katika chumba cha moyo, nao unamngoja mgonjwa. Lakini kabla ya mgonjwa kulala juu ya ile meza, lazima kwanza jirani yake aamke usiku na kumtoa nyumbani.

Majibu ya hesabu: Swali la 4, picha 60. Swali la 5, mafungu 9 kati ya 16.